Picha ya Babu Iliyokataa Kufunguka

Twalib mwanangu,

Assalaam aleikum. Nguo zako nimeshazikunja. Mambo ya kula, kulala na kuswali unayajua, na kama hukuyajua kwa miaka ishirini na miwili, karatasi haitakufundisha leo. Umekwenda mtaani Shika Adabu kumuaga mjomba wako Athmani, nami namjua ndugu yangu, akishakushika kwa maneno hakuachii mpaka alasiri ipite. Kwa hivyo nina muda. Naandika kwa kalamu, mimi niliyekula kwa kubonyeza vitufe vya kompyuta maisha yangu yote. Mwandiko utauvumilia.

Nina jambo moja la kukuambia kabla hujapanda gari la Nairobi kesho. Linahusu kifo cha babu yako. Miaka minane umeamini kuwa wewe ndiye uliyemuua kwa kuacha komeo la mlango wa uani wazi. Si kweli. Na mimi nilijua si kweli tangu siku ya tatu ya msiba, nikanyamaza.

Haya, nimeshaliandika. Nimekaa hapa mezani nasikia jirani anasugua sufuria, nami sisikii kitu kingine. Ndivyo nilivyokuwa miaka yote hii, ganzi tupu, kama mguu uliokaliwa. Usidhani basi nakuandikia kwa kuwa nimelia nikatubu. Nakuandikia kwa sababu wiki iliyopita uliingia jikoni ukacheka, ukasema, "Mama, wale wa Nairobi wamenipa kazi ya kwanza. Tovuti yao ina picha nyingi na haifunguki kwenye simu za watu. Nimewaambia mwalimu wangu ni mama yangu, hana mzaha na picha nzito."

Nikasema mashallah, nikaendelea kukuna nazi.

Ofisini wananiita Bi Nyepesi, na wewe ulikulia ubavuni mwangu ukiona nikiwagombeza watu wazima kwa picha moja iliyozidi uzito. Ulidhani nimezaliwa hivyo. Wallahi sikuzaliwa hivyo. Ungeniona zamani ungenikimbia.

Zamani nilikuwa mwanamke wa picha kubwa. Nilikuwa natengenezea hoteli kurasa zao za mtandaoni pale ofisini Nyali, na mwenye hoteli akitaka bwawa lake lijaze kioo kizima, mimi namjazia, tena namtilia mengine matano chini yake. Picha ilitoka kwa mpigapicha jinsi ilivyo, nikaiweka jinsi ilivyo. Kuipunguza niliona ni kuichinja. Nilijaribu kazi yangu kwenye skrini ya ofisi, pana kama mlango, na mtandao wa ofisi ambao ukigusa tu, tayari. Siku moja mteja akapiga simu, akaniambia wageni wake wanalalamika, kurasa hazifunguki kwenye simu zao. Unajua nilimjibu nini? "Wabadilishe simu." Ati wabadilishe simu! Nikakata, nikawahadithia wenzangu, tukacheka.

Simu ya namna hiyo ilikuwa mikononi mwa mtu mmoja Chaani, na sikumjua.

Babu yako unamkumbuka alivyokuwa mwisho mwisho, lakini ulikuwa na miaka kumi na minne na mengine tulikuficha. Aliendesha winchi bandarini maisha yake yote, na ujanani alipanga chumba Chaani, ng'ambo ya feri, pamoja na makuli wenzake. Akili ilipoanza kumtoka ilimrudisha huko. Alikuwa akiamka ananiuliza mimi, bintiye wa kumzaa, kama zamu ya jioni imeshaitwa. Wageni wakija tulimvika kanzu, tukamkalisha ukumbini, wakimuuliza hali mimi au Athmani tunamjibia upesi kabla hajafungua kinywa. Kwetu mtu mzima haanikwi. Tuliita sitara. Wahenga wameshasema, mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi methali hiyo nilikuwa nikiisema kwa watu wengine.

Ile Jumamosi aliyopotea ulikwenda chuoni kusoma Kurani umechelewa, hamri ya chai mdomoni, ukatokea mlango wa uani. Mimi nilikuwa Nyali, tulikuwa na ukurasa wa kukabidhi. Athmani akanipigia karibu na adhuhuri. "Dada, baba hayuko. Nimezunguka mpaka sokoni. Nitumie picha yoyote nisambaze, au nitume ile niliyompiga juzi uani."

Ile ya uani naijua. Fulana imetoboka begani, kikoi kimefungwa upande, mdomo wazi. Na ndivyo alivyotoka siku hiyo, fulana ile ile na kikoi kile kile.

Nikamwambia, "Huthubutu. Baba hatembezwi kwenye simu za watu na fulana. Halafu akipatikana itabaki humo milele, watoto wafanye mzaha. Nitatengeneza ukurasa, nitie picha yake ya heshima, nikupe linki. Akirudi nafuta, imekwisha."

Athmani akasema, "Dada, tunatafuta mtu, hatuozeshi."

Nikamkasirikia. Nikamwambia asinifundishe kazi yangu. Mimi ndiye mkubwa, na tangu utotoni yeye akishindwa nami huniachia. Akaenda msikitini wakatangaza kwa kipaza sauti, Likoni nzima ikasikia. Lakini baba alikuwa ameshavuka feri kitambo.

Nikakaa ofisini saa nzima, Twalib. Saa nzima, badala ya kuondoka. Nilichukua ile picha ya Idd, kanzu nyeupe, koti jeusi, na kofia ya vito, ile ya vijitundu vya sindano, aliyoshona bibi yako, mamangu, mwaka aliokufa. Unaijua, imo kabatini. Nilijaribu kuipunguza picha mara moja, vile vijitundu vya kofia vikayeyuka vikawa uji. Nikaona ni kama nafumua mkono wa mamangu. Nikairudisha jinsi ilivyotoka kwenye kamera, nzito kama gunia la chumvi. Juu yake nikaandika jina lake, umri wake, nguo alizovaa, namba yangu na ya Athmani, kwa herufi nzuri zenye kivuli. Yote ndani ya picha. Nje ya picha sikuweka neno hata moja, kwa sababu lingeharibu sura ya ukurasa. Juu ya hayo nikafuata mazoea yetu ya ofisi, kwamba simu isianze kuivuta picha mpaka mapambo mengine yote yamekwisha kushuka. Kwa picha iliyo chini kabisa ya ukurasa hilo ni jema. Kwa picha iliyo peke yake, ambayo ndiyo habari yenyewe, ni wazimu.

Kwenye skrini ya ofisi ikafunguka papo hapo. Nikaitazama. Nikaipenda. Baba yangu amepotea, nami nimekaa naipenda kazi yangu.

Linki ikaenda. Watu waliisambaza kweli, si uongo, mpaka Changamwe ilifika. Simu yangu haikulia. Nikasema basi hakuna aliyemuona.

Yaliyofuata uliyaona. Kesho yake asubuhi watu wa kuvua kaa walimkuta kwenye matope ya mikoko nyuma ya Chaani. Hospitali walisema ni kiu, uchovu na kile kifua chake cha siku zote. Tukamzika siku hiyo hiyo. Na kabla hatujamzika, nyumba imejaa watu, mimi ndiye niliyeuliza, "Nani aliyeacha komeo wazi?" Ukanyoosha kidole kama uko darasani. Ukasema, "Mimi, mama." Hukukana, hukujitetea. Wanawake wakaguna. Mimi nikageuka nikaenda kuhesabia watu vikombe.

Siku ya tatu, baada ya kisomo cha hitima, akaja mama mmoja. Mtu wa bara, amejifunga leso juu ya gauni, amesimama nje ya baraza hajui avue viatu au asivue. Nikamkaribisha. Akasema anaitwa Mama Furaha, anauza maandazi Chaani, na amesikia kwa wale wavua kaa kuwa mzee ni wa Likoni, akaulizia mpaka akafika.

"Huyu mzee alikuwa kwangu," akasema. "Alikaa kwa stuli yangu toka saa tisa mpaka jua ikaanza kuzama. Nikampea chai na maandazi mbili. Nikamuuliza jina, ananiambia anaenda zamu. Nikamuuliza nyumbani ni wapi, ananiambia mwanangu usinichelewesha."

Nikamwambia Mungu akulipe. Nilidhani amekuja kutoa pole tu.

"Nilijaribu, mama. Jirani alinitumia linki, ati kuna mzee amepotea huko ng'ambo, nikasema pengine ndiye huyu. Nikafungua. Ikawa nyeupe. Kile kiduara kinazunguka tu. Nikapanda hapo juu ya mawe nikashika simu hivi, bado. Bando ikaisha, nikanunua ingine, hiyo pia ikaisha. Nikaingia ndani kugeuza maandazi, nikitoka stuli iko pekee yake."

Akatoa simu yake kifuani, kioo kimepasuka kona. Akanionyesha. Ukurasa wangu bado ulikuwa mle, mweupe, na katikati kijisanduku cha kijivu.

"Hata namba," akasema. Hakuwa mkali, alikuwa anauliza tu. "Hata namba hamngeweka kando, mama? Ningepiga."

Nikamjibu kwamba mtandao ulikuwa na matatizo siku ile. Hilo ndilo nililomjibu mtu aliyemlisha baba yangu mara ya mwisho. Nikamfungia biriani ya hitima, nikamsindikiza mpaka kituoni, nikarudi. Sijamuona tena. Nilikwenda Chaani mara mbili kumtafuta, wakaniambia amehama.

Sasa nisikilize vizuri. Komeo uliacha wazi, hilo ni kweli, sitakudanganya ili nikupoze. Lakini komeo lilimtoa nyumbani tu. Alipatikana. Alikuwa amekaa, ana chai mkononi, na mtu mwenye huruma amesimama juu ya mawe anamtafutia kwao. Saa tatu nzima babu yako hakuwa amepotea, Twalib. Alikuwa amepatikana, na mimi ndiye niliyewazuia wasitufikie. Niliweka picha mbele ya namba ya simu. Niliona haya ya fulana.

Jioni ile nikaingia chumbani nikafungua kompyuta. Nje watu bado wanakula. Nikaipunguza picha ikalingana na kioo cha simu ndogo, nikaitoa maneno yote nikayaweka nje, yakawa maneno tu, meusi juu ya nyeupe, jina na namba juu kabisa. Nikachukua ile simu ya zamani ya msichana wetu wa kazi, nikaifungua. Maneno yalitokea kabla sijamaliza kusema bismillahi. Picha ikafuata nyuma yake. Kofia ilikuwa imefifia kidogo, vijitundu havionekani vyote, lakini ni yeye, hata kipofu wa jicho moja angemjua. Ilinichukua chini ya nusu saa.

Ukaingia na chai wakati huo. Uliiona picha ya babu kwenye kioo, ukadhani nimekaa namlilia. Ukaweka kikombe, ukasimama. Ukasema, "Mama, nisamehe."

Nami nikakujibu, "Haya."

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Nilikuwa na maneno yote mdomoni. Lakini nilikuona umesimama pale na kosa lako mkononi, kosa dogo, la kitoto, ambalo kila mtu analielewa, nikaona nikinyamaza litatosha kwa sisi sote wawili. Hilo ndilo baya kuliko picha. Picha niliifanya kwa ujinga na majivuno. Lile "haya" nililisema nikiwa na akili zangu timamu.

Nikaufuta ukurasa, nikanywa chai yako.

Tangu hapo ndipo nikawa Bi Nyepesi. Ukiniona nasimama kwenye mteremko wa feri nimeshika simu mbovu, nangoja ukurasa wa hoteli ufunguke katikati ya watu elfu wanaogombania mtandao, ukacheka ukasema mama ana wazimu, nilikuwa nangoja kwa niaba ya Mama Furaha. Ukinisikia nafoka, "Maneno kwanza! Picha ikifa njiani, mtu abaki na nini?" ni yeye. Nilipokufundisha kuacha nafasi ya picha tangu mwanzo, ili ikifika isiyasukume maneno chini na mtu akabonyeza asichokusudia, ulidhani ni unadhifu. Kidole cha mtu mwenye haraka ndicho nilichokuwa nakifikiria. Kazi hii utanishinda, pengine umeshanishinda, mambo mapya hunipita. Watakupa mashine za kukuonyesha kuwa picha zako zinawahi. Zitazame, lakini usiziamini peke yake. Tafuta simu ya mtu asiye na bando, nenda naye mpaka mtandao unapokatika, ukae kimya umwangalie uso. Na akikuambia haifunguki, usimcheke.

Hilo la kucheka ndilo ninalotaka ulibebe kuliko hayo ya picha. Mimi niliona ninatengeneza kitu cha kutazamwa. Sikufikiria kuwa kuna mtu upande wa pili amesimama kwenye mawe. Hata kwa babu yako ilikuwa hivyo hivyo, nilishughulika na atakavyoonekana, na mtu mwenyewe alikuwa anatembea juani na fulana yake.

Kuhusu wewe na komeo. Usidhani sikuoni. Miaka minane unaamka unakwenda uani, nakusikia unalivuta, unalisukuma, unalivuta tena. Mara tatu. Unarudi kitandani, halafu unaamka tena. Mwaka jana Athmani alileta fundi atie kufuli la kisasa, ukalikataa, ukasema la zamani mkono wako unalijua. Nilikuwa naweza kukuondolea hayo kwa sentensi moja wakati wowote, kwenye chakula, kwenye gari, Idd yoyote ile. Kila nilipotaka kusema nilikuambia kula mwanangu, ukala. Mjomba wako hajui. Baba yako, huko Oman aliko, hajui. Hakuna ajuaye ila mimi na mama mmoja aliyehama. Nilitaka uende Nairobi hujui vilevile, ubaki unanisifu kwa wakubwa wako wapya. Ningeweza kuishi hivyo, ndilo linalonitisha, ningeweza kabisa. Lakini ulipocheka pale jikoni niliona unakwenda kujenga maisha juu ya somo langu, na hujui nilikolitoa, na huku bado unalipa deni langu kila usiku kwa komeo. Hapo hata mimi nimeshindwa.

Majuto ni mjukuu, wanasema, huja baadaye. Mimi yangu hata hayajafika vizuri. Nayangoja. Pengine yatakuja ukishaondoka, nyumba ikiwa kimya, na kama yatakuja nitakupigia nikuambie, maana sitakuficha tena lolote. Sikuombi unisamehe leo. Wewe uliniomba ukapewa "haya", kwa hivyo sina uso wa kudai zaidi. Ukitaka kukasirika mwezi, kasirika mwezi. Ukitaka kumwambia mjomba wako, mwambie, nitakaa nisikie atakachonena. Ukitaka kutopokea simu yangu huko, nitajua ni kwa nini, na nitaendelea kupiga.

Hukumuua babu yako. Niandikie hilo kwa mkono wako siku utakapoliamini, hata ikiwa ni baada ya miaka, hata ikiwa huniandikii lingine lolote.

Hodi yako hiyo naisikia barazani, na Athmani yuko nyuma yako anacheka. Ningeweza kuikunja barua hii nikaisokomeza katikati ya mashati, uikute Nairobi, mimi nikiwa mbali. Nilikuwa nimeshaandaa hata bahasha. Sitafanya hivyo. Ingia, mwanangu, uisome hapa hapa mezani, nikiwa nimekaa mbele yako, unitazame ukimaliza.

Mama yako,
Mwanaisha